Goti la Masika

Kambale, mujukuu wangu,

Huku Bulengera tuko wazima. Mbuzi imezaa, mutoto wake nimemupa jina lako, anapiga kelele kama weye. Dada yako ndiye anaandika, mimi ninasema tu.

Unauliza kama timu yenu ya Bungulu iendelee kumupa Paluku mipira yote, na mguu wake unaumia kila mara. Sikia. Wakati wa vita tulikuwa tunabeba maharagi toka Kasugho mpaka Butembo, kamba kwenye paji la uso. Mwenye kutangulia ndiye alibeba muzigo mukubwa, ndiyo heshima yake. Mwenzetu Masika alijua njia, donc alibeba. Siku moja goti lake likakataa, akaanguka kwenye mutelemuko, akalia:

"Sasa mutaniacha hapa?"

Nikamujibu: "Na nani atatuonyesha njia, weye mujinga?"

Tukagawana maharagi yake. Akatangulia bila muzigo, anatutukana tukichelewa, mpaka tukafika sisi wote.

Paluku abaki katikati, aone, aite. Mbio mugawane nyinyi. Mais lakini umuambie mapema: mutu mwenye alizoea kubeba, ukimutua muzigo anafikiri unamufukuza.

Kula vizuri, umekonda.

Koko wako, Kavira