Migomba Aliyopewa Evelina

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Kirua? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila huku Katavi vumbi limeingia mpaka kwenye sanduku la nguo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitapayuka, nawe utasema mtandao mbaya.

Kazi ni ile ile, kuwasaidia hawa waliokuja wakimbizi kutoka Burundi na sasa wamepata uraia, ili wajitegemee. Nawafundisha kina mama kuchagua mbegu, kufuga nyuki, na kudai mashamba yaandikwe majina yao. Juzi mmoja akaniuliza, "Na wewe dada, shamba lako liko wapi?" Nikamjibu, Kilimanjaro. Nilimdanganya, mama, na nikala chakula cha mchana bila hamu.

Evelina alikuwa mmoja wao. Ni mimi niliyekuandikia umpokee, yeye na mwanawe, miezi mitatu tu, mpaka apate kazi sokoni Himo. Sasa ni mwaka wa tatu. Siku hizi naye anakuita mama, Mae, kwa Kichagga kizuri kuliko changu. Namwonea wivu, nasema wazi. Kazi yangu ni kumtafutia mtu kama yeye mahali pa kuishi, na amepapata, nami nimenuna kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa.

Unakumbuka Krismasi? Asubuhi nilichukua ndoo nikaenda kukamua, ng'ombe akaipiga teke. Evelina akaja mbio: "Pole dada, hakujui. Huyu anataka umwimbie kidogo kwanza." Hanijui! Mimi niliyemkatia majani mama yake na bibi yake! Nawe mlangoni ukacheka, "Mwachie Evelina bwana, wewe mgeni, njoo unywe mtori." Mtori wenyewe kaupika yeye. Kibaya zaidi, ulikuwa mtamu, na nikaongeza bakuli la pili.

Hayo ningeyameza. Lakini jana kaka Godlisten alinipigia, akaniambia umempa Evelina mistari minne ya migomba kule chini, kandokando ya mfereji. Akasema baba mdogo alikuja juu, eti kihamba ni ardhi ya ukoo, hakigawiwi mtu wa kuja, nawe ukasimama mbele ya wazee wote ukasema, "Migomba hii nimeipanda kwa mkono wangu. Nampa ninayemtaka."

Nililia, mama. Si kwa sababu ya migomba.

Niliporudi nyumbani ndoa iliponishinda, niliomba mahali pa kujenga chumba kimoja. Baba mdogo huyo huyo akasema binti kihamba chake kiko kwa mume. Nilikutazama. Wewe ulikuwa unaosha vibuyu, ukaendelea kuosha. Mwezi uliofuata nikawaomba watu wa shirika kazi ya mbali kuliko zote walizokuwa nazo. Watu husema napenda kazi ya wakimbizi, nami huwaacha waseme.

Kumbe sauti unayo. Miaka yote nilijiambia mama yangu ni mjane, ataanzia wapi kubishana na ukoo. Kwa Evelina ulijua pa kuanzia. Nimekesha na hasira, mara niseme nisikanyage tena huko, mara nitake kumwandikia Evelina afungashe vitu vyake. Barua hiyo niliianza, nikaichana. Huwa nawaambia watu hapa wasimfukuze aliyekwisha kuotesha, na Evelina amekwisha kuotesha.

Kwa hiyo sikuombi umnyang'anye. Mwachie mistari yake, anaijua kazi, wala hatakuangusha. Ninachokuomba ni kimoja. Waite wazee tena, na baba mdogo awepo. Kaka amesema hana neno, nimemuuliza. Simama kama ulivyosimama kwa mgeni, useme maneno yale yale, ila safari hii utaje jina langu. Hata kama watakataa. Nataka tu nisikie kwamba ulisema.

Nisalimie kaka na mkewe. Baba mdogo mpe shikamoo yake, lakini usimwambie imetoka moyoni. Mtoto wa Evelina mkumbatie, hana kosa. Evelina mwenyewe mwambie anifundishe huo wimbo wa ng'ombe.

Ni mimi mwanao, wa kumzaa,
Haika