Mashine Isiyomjua Mayu

Nyumbani kwa Mayu,
Bariadi.
Agosti 1996

Mdogo wangu Dastan,

Mwangaluka, mwana wa mayu, mwana wa mama yangu! Hali yako huko Binza, na duka je? Wifi Felisita hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila kichwa hakitulii. Barua hii naiandikia juu ya kifuniko cha sanduku la marehemu baba, na kila baada ya mistari michache nainuka kwenda kuchungulia njia, ingawa simngoji mtu yeyote. Ukiona mwandiko unayumba, ndiyo sababu.

Katika barua yako uliniuliza ninasomea nini hasa huko Ubelgiji, maana watu wanakuuliza nawe unakosa la kuwajibu. Haya, wajibu hivi. Serikali za Ulaya zimeanza kuziachia kompyuta ziamue mambo ya watu: nani apewe msaada wa wajane, nani anyimwe, nani apewe nyumba. Wataalamu wao wanaiita akili ya kutengenezwa. Mimi naiita kiburi cha kutengenezwa. Kazi yangu kama mwanasheria ni kuchunguza sheria inaruhusu hadi wapi, na aliyenyimwa akamlilie nani. Mwaka jana nchi zao zilikubaliana kwamba mtu asikatiwe shauri zito na mashine peke yake, lakini unajua wewe, kukubaliana na kutenda ni vitu viwili. Nilikaa na bibi mmoja mjane aliyenyimwa msaada wake kwa sababu kuna swali aliliacha bila kulijibu. Mashine ilipokuta pengo, ikasema hapana. Karani naye akamwambia kwamba hawezi kubishana na mashine. Dastan, siku hiyo nilirudi chumbani nimejaa hasira.

Kwa hasira ileile nikaandika sura nzima kuhusu kwetu. Nikasema kwamba Usukumani mtu hahukumiwi na kitu kisicho na macho. Anasimama mbele ya dagashida, kijiji kizima kimekaa, anatazamwa usoni, anasikilizwa mpaka amalize. Profesa wangu aliipenda sura hiyo kuliko zote, akanipa ruhusa nije nyumbani kukusanya ushahidi zaidi. Nikaja na tepu rekoda mpya na majivuno yangu yote.

Na ushahidi nimeupata! Kesho yake baada ya kufika nilikwenda na mayu kisimani. Tukamkuta Nyanjige, yule shoga yake aliyelima naye tangu sisi hatujazaliwa. Akanisalimia kwa furaha, akaniuliza habari za baridi ya Ulaya, akanisifu kwamba nimenenepa. Mayu alikuwa bega kwa bega nami, ndoo mkononi, na Nyanjige hakumtupia hata jicho. Mayu akaanza yeye kumwamkia. Hakujibiwa. Nilitaka kumvaa Nyanjige palepale, mayu akanikanyaga mguu.

Ndipo nilipoambiwa kwamba mayu ametengwa. Huenda habari hizi hazijafika Binza, kwa hiyo nakusimulia tangu mwanzo. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia, kijiji kilipatana kwamba hakuna kutoa pamba, hata gunia moja, mpaka wapandishe bei. Mayu naye aliinua mkono. Wanunuzi walikuwa wameanza kulegea, halafu lori la mmoja wao likaonekana mchana kweupe likitoka uani kwa mayu, limesheheni. Walipoona umoja wa kijiji umevunjika, wakaishusha bei, na kila nyumba ikala hasara. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, walipomuuliza, mayu alijibu kwamba pamba ni yake na imetoka kwake, basi. Tangu hapo akienda kuomba moto hapewi, salamu hapewi, na atakayemsemesha anatozwa mbuzi.

Nilipomweleza mayu kazi yangu, nikidhani atanionea fahari, aliniuliza kama ni kweli hiyo mashine haimjui mtu, haina shemeji, haina jirani. Nikasema ni kweli, haimjui yeyote. Akasema basi hiyo ndiyo anayoitaka yeye, maana hapa wote wanamjua na haijamsaidia kitu. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, nikaizima tepu rekoda.

Unanijua, sikai kimya. Nilimfuata Mzee Salu, mtemi wa sungusungu, nikamwambia kwa adabu, haya, kwa adabu kidogo, kwamba mtu hatengwi kabla ya kusikilizwa mbele ya wote. Nikamtajia sheria za huku na za huko, nyingine hata yeye hakuziuliza. Mzee alinivumilia mpaka mwisho, akasema nina haki, akaitisha dagashida Jumamosi iliyopita kwenye uwanja wa mnada. Niliondoka pale natembea kama mshindi.

Jumamosi mayu alivaa khanga yake ya kanisani. Mzee Salu akamwambia kwamba nafasi ni yake, aseme lolote, hakuna atakayemkatiza. Mayu akasimama, akawatazama, akanyamaza. Mzee akamwomba tena, kwa upole kabisa. Hata Nyanjige nilimwona ameuma ncha ya kitenge, anamsihi kwa macho. Mayu akakaa chini. Wakasema aliyepewa nafasi akakosa la kusema, huyo amekiri. Kabla ya hapo alikuwa ametengwa tu. Sasa wameamua ahame kijijini kabla ya mvua za kwanza, aache nyumba, aache na kaburi la baba. Na aliyempeleka pale ni mimi, na sheria zangu. Walikuta pengo, wakasema hapana, na wote wana macho.

Tulipofika nyumbani nilimfokea. Ndiyo, nilimfokea mayu, Mungu anisamehe. Nikamwambia kwamba kuna wanawake Ulaya wanaililia haki hiyo aliyopewa yeye, naye ameitupa kama maganda ya karanga. Aliniacha nimalize. Alikuwa anapepeta choroko, hakuacha kupepeta. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba mtu akifungua mdomo ataulizwa, na akiulizwa itabidi amtaje mwanawe.

Dastan, ameniambia yote. Wewe ndiye uliyekuja kumwambia kwamba Mzee Salu ameshatoa ruhusa, pamba iuzwe. Alikuamini, akakusaidia hata kushona magunia. Alipokuja kujua kwamba hapakuwa na ruhusa yoyote, duka la Binza lilikuwa limeshafunguliwa. Neno moja tu, kwamba alidanganywa, lingemwokoa pale uwanjani, na hakulitoa. Shuleni tulikaririshwa kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliandika insha nzima juu ya methali hiyo, mwalimu akanisifu, kumbe sikuelewa hata nusu.

Nina hasira nawe mpaka mkono unauma, na ninakuhurumia, na vyote viwili vinanikosesha raha. Ile sura niliyojivunia nimeichana. Mayu ameniapisha nisikutaje kwa mtu, nami nimeapa, sitakutaja. Lakini kuna jambo nimelifanya bila yeye kujua. Nimemrudia Mzee Salu, nikamwomba watu wakae tena Jumamosi ijayo. Nimemwambia tu kwamba yuko mtu mwenye la kusema. Akasema watakaa, ila hawatakaa mara ya tatu. Sasa unajua nafasi hiyo nimemwombea nani.

Barua nampa dereva wa basi la Maswa, itakufikia mapema. Msalimie sana Felisita. Mayu ameniona nikiandika, akauliza namwandikia nani, nikamwambia. Amefurahi kweli, amevuta kigoda amekaa karibu yangu. Anasema anawasalimu nyote, na mtoto apakwe samli kifuani. Anasema usijisumbue kuja kwa sasa, safari inachosha na duka bado ni changa, lisiachwe bila mtu. Anasema yeye hajambo, hapungukiwi na kitu. Nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno.

Mimi nasema Jumamosi, uwanja wa mnada, asubuhi.

Dada yako,
Apolonia Mwandu