Mparachichi Umeanguka kwa Shikanga

Lubao,
4 Machi 2025

Kwako Maximilla,

Mulembe. Natumai wewe, shemeji na watoto mu wazima huko Lumakanda, na shamba mmeshalilima mnangoja mvua. Mimi pia ni mzima. Narudia: mzima. Nakuambia hivyo kwa sababu hapa Lubao kila mtu anajua nimekufa.

Jana asubuhi nilikuwa ndani nachemsha chai, nikasikia msumeno wa injini. Unajua kelele za ghafla zinanifanyia nini tangu nirudi kutoka Somalia. Nilijikuta chini ya meza, sufuria imemwagika. Nilipotoka nje, Osiako fundi mbao alikuwa ameshauangusha mparachichi wa Baba. Mzima mzima! Ati, "Ni dada yako amenituma." Hata hakunitazama usoni.

Wewe Maxi umezaliwa hapa hapa. Unajua kwetu mti hukatwa hivyo lini. Hukatwa mtu akishajimaliza chini yake, kisha unachomwa wote. Basi majirani waliposikia mti umeanguka kwa Shikanga, wakafanya wanavyojua. Wamama wa kanisa walikuja wakilia tangu barabarani, kuni kichwani. Jirani yetu Osundwa akaleta viti na turubai. Mzee Erastus, ambaye tumegombania mpaka wa shamba hadi kwa chifu, alipita langoni akilia kama mtoto, kofia mkononi. Na mimi nimesimama mlangoni na kikombe! Mama mmoja aliponiona alitimua mbio, akaacha viatu.

Ndiyo, Jumapili nilikaa chini ya mti ule nikiwa na mawazo mabaya. Nikapiga ile namba ya msaada wanayotangaza redioni. Nilipiga, tukaongea, yakaisha. Nani alikwambia uyatangazie matanga?

Simu nimeitupa chooni, wewe na hao watu wa namba msinisumbue. Barua hii nimempa Awinja muuza kuku, yeye huja soko letu na kurudi huko kwenu. Usinijibu. Usije.

Mimi,
Sajenti Shikanga, mstaafu


Lumakanda,
7 Machi 2025

Mdogo wangu Shikanga,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila Cindy wangu alikuwa na homa kali, sasa imeshuka. Afya yako siulizi, utanidanganya.

Umesema nisijibu. Nimejibu, utafanya nini?

Sasa nisikilize na uache kiburi cha jeshi. Jumapili nilikuwa nakimbia kutoka kanisani nikamwone mtoto, simu ikalia. Mwanamke, sauti ya upole: "Wewe ni Maximilla? Ndugu yako yuko na mwenzangu kwenye laini nyingine. Hayuko salama. Ametupa namba yako." Nilikaa chini barabarani na gauni langu jeupe. Watu wakanipepea wakidhani nimeanguka kifafa.

Akaniambia usiachwe peke yako. Ningefikaje Lubao na mtoto anawaka moto kitandani? Nikampigia Osundwa. Ama wewe ulidhani mtu huja kuazima jembe Jumapili, halafu anakaa mpaka jua linazama akikusimulia habari za mbuzi? Soldja mzima, hata hilo hukushtuka.

Akaniambia tena niondoe karibu nawe kila kitu unachoweza kujidhuru nacho. Wewe mwenyewe ulikuwa umewaambia uko chini ya mparachichi. Basi nikauondoa mparachichi! Ulitaka niuombe uhame? Mambo ya matanga nilikuja kuyawaza Osiako akishapiga simu kwamba amemaliza. Afadhali walie bure wakuone na kikombe chako.

Na unijibu swali moja bila kupiga kelele. Kaka yetu Elvis yuko Nairobi, ana gari. Shemeji zako wako hapo karibu. Walipokuuliza nani apigiwe, ulitaja namba ya nani? Yule mwanamke alisema uliitoa kichwani, bila hata kuitafuta. Halafu unaniandikia "usije". Aka!

Hao watu wa namba wamekutafutia nafasi hospitali ya kaunti, kliniki ya akili, Alhamisi tarehe 13. Kuna muuguzi anaitwa Chepkirui, huwaona waliotoka jeshini. Nenda. Usipoenda, siku utakayokufa kweli sitakuja. Nitasonga obusuma hapa kwangu na nitakula nishibe.

Dada yako,
Maximilla


Lubao,
15 Machi 2025

Maximilla,

Salamu. Nashukuru Mungu Cindy amepona. Mimi niko vile niko.

Sikuenda. Au tuseme nilifika langoni. Wameandika "Kliniki ya Akili" kwa maandishi ya kusomwa hata na aliye ng'ambo ya barabara. Chini yake kuna benchi, na kwenye benchi watu ninaowajua kutoka sokoni. Muuguzi anatoka mlangoni, anaita jina kwa sauti, mtu anasimama, wote wanageuka kumtazama. Mimi niliongoza watu vitani. Sitasimama pale niitwe kichaa mbele ya wauza nyanya. Nikageuka, nikarudi nyumbani kwa mguu.

Usiku silali, mchana sina nguvu ya kushika jembe. Na wewe umeniongezea taabu nyingine. Yule Erastus anakujanga kila jioni. Anakaa kwenye kisiki cha mti ulioukatisha, anavuta kiko chake, giza likiingia anaenda. Jana nilimfokea: "Unataka nini kwangu? Bado unadai mpaka?" Akanijibu, "Nilikuja hapa kukuzika. Bado sijatulia." Mtu gani huyo!

Namba yako niliitaja kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Usijipe makuu.

Sajenti Shikanga


Lumakanda,
2 Aprili 2025

Shikanga,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli.

Nimekuandikia jibu, umenyamaza. Awinja amerudi kutoka soko la huko mikono mitupu, akaenda tena, akarudi vile vile. Anasema mlango wako ulikuwa umefungwa na kufuli, na jirani aliyemkuta hakujua uko wapi. Osundwa amesafiri, hashiki simu. Mimi nimeshindwa kula.

Yule mwanamke wa namba amenipigia kuuliza kama ulifika kliniki. Nikamwambia ndiyo. Nimemdanganya mtu mwenye sauti kama ile kwa ajili yako, mbwa wewe.

Mti sikuombei msamaha. Ningeukata tena leo. Ningekata na wa jirani.

Lakini nakuomba unitukane. Andika hata tusi moja tu, nione mwandiko wako. Kesho Awinja anakuja huko. Asiponiletea kitu, nafunga nyumba nakuja, uwe umekataza ama hujakataza.

Dada yako


Lubao,
3 Aprili 2025

Dada,

Mulembe. Awinja amenishika shingo hapa sokoni, amesema hatoki mpaka niandike, na kuku wake wanapiga kelele. Msalimie shemeji na Cindy.

Umeomba tusi. Wewe ni mjinga, na kichwa chako ni kigumu kuliko kile kisiki. Umeshiba?

Mlango ulifungwa kwa sababu nilikuwa kliniki. Ndiyo. Alhamisi mbili zilizopita, na leo tena.

Ni uchawi wa Erastus. Jioni moja nilimwambia kuhusu benchi, nikidhani atanicheka. Akavuta kiko chake weee, kisha akasema, "Tutaenda wote. Wakiita jina lako nitasimama mimi. Wacha waseme ni Erastus amerukwa na akili, mimi ni mzee, sitafuti mke." Nikajua ni maneno tu. Asubuhi nikamkuta langoni amevaa koti la kanisa.

Tukaketi kwenye benchi. Nikatazama viatu vyangu. Chepkirui akatoka, akaita, "Shikanga!" Na kweli, Maxi, yule mzee akaruka akasimama, akapiga saluti mbaya ambayo sijawahi kuona mfano wake. Benchi zima likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Walipokuwa bado wanamtazama yeye, nikaingia ndani.

Huyo Chepkirui haulizi kwa haraka. Nilimwambia kuhusu gari lililokuwa mbele ya letu kule Somalia. Wewe sijakuambia, na usiniulize. Nililia, na nikimsikia mtu huko Lumakanda akilisema hilo nitajua limetoka wapi. Wamenipa dawa. Nalala kidogo. Si sana.

Mpaka wa shamba bado hatujakubaliana na Erastus. Leo tukirudi tumegombana njia nzima, yeye anataka ufuate mtaro.

Mparachichi sijakusamehe. Baba aliupanda kwa mkono wake, na wewe ukamtuma Osiako. Hilo tutalimaliza ana kwa ana, na utanikoma.

Leo Chepkirui aliniuliza ampigie nani mambo yangu yakiharibika tena. Nikataja namba yako. Sikuitafuta popote. Akasema kliniki ya tarehe 24 nije na mtu wa nyumbani.

Basi uje. Ukae kwenye benchi na Erastus na ufunge mdomo. Msumeno uuache huko kwenu.

Mdogo wako,
Shikanga