Ngitili ya Ibanza

Nyakato, Mwanza
11 Machi 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila harufu ya sangara wa kiwandani haitoki hata nikioga mara mbili. Mguu wako vipi?

Mama, kuna tajiri anaomba bonde letu lote mpaka mtoni. Wapimaji walipita wakaona majani marefu, hakuna nyumba wala ng'ombe, wakaandika "pori lisilo na mwenyewe". Wanarudi kuhakikisha kabla ya Pasaka. Shusheni ng'ombe bondeni upesi wawaone!

Mwanao,
Sabina

Ibanza, Misungwi
20 Machi 1996

Mwanangu Sabina,

Marahaba. Mguu unauma mvua ikikaribia, basi siku hizi unauma kila siku.

Pori! Sasa mimi ni nyani? Tunajenga juu kwenye mawe, tunalima mihogo kwenye kichanga, mpunga chini yake, na ule udongo mweusi wa mtoni ndiyo ngitili, majani tunayoyafunga masika yote ili mifugo ipone kiangazi. Tukiyalisha leo, Agosti ng'ombe watatafuna mawe? Mzee Shimba, mlinzi wa ngitili, amekataa. Na mimi nimekataa.

Mama yako,
Kija

Nyakato
27 Machi 1996

Mama,

Shikamoo. Salamu fupi, nina hofu. Wanakuja Jumanne. Wakikuta majani matupu tumekwisha. Mimi nitarudi wapi, Mama? Fanyeni lolote.

Mwanao,
Sabina

Ibanza
3 Aprili 1996

Mwanangu,

Marahaba, na vigelegele juu yake! Mguu? Sijui hata kama ninao.

Walikuja, na yule tajiri pamoja nao. Afisa wa ardhi akasimama ukingoni akasema, "Mnaona? Hakuna mtu." Nikamfungua ng'ombe wangu mwekundu, nikampeleka katikati ya ngitili mbele ya macho yao. Sikumwambia mtu. Shimba alipoona, akapiga mwano, ule ukelele wetu wa hatari, ukapanda vilima vyote viwili.

Sabina, watu walitoka! Nyuma ya kila jiwe, kwenye kila shamba la mihogo. Jirani yetu Felicitas alikuja na povu la sabuni kichwani. Wakanizunguka kwa hasira ya kweli, mimi mjane wa watu, mlezi wa kwaya.

Afisa akauliza, "Hawa wote wametoka wapi?" Shimba akamwambia, "Subiri kwanza bwana, tunamhukumu huyu."

Wakanihukumu palepale, nikiwa nimeshika kamba ya ng'ombe. Nikakiri. Faini yangu ni kupikia kijiji kizima. Hapo ndipo nikamgeukia afisa: "Baba, umewahi kuona mtu akitozwa faini kwa majani yasiyo na mwenyewe?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafuta yale maneno, akaandika "malisho ya kijiji cha Ibanza", akamsomea Shimba kwa sauti. Tajiri aliondoka bila kuaga.

Shimba bado amenuna, anasema kosa ni kosa. Ana haki. Kwa hiyo Jumapili ya Pasaka nalipa faini, na nimechoka kusonga ugali peke yangu. Omba ruhusa kiwandani uje unisaidie kupika. Bonde ni letu.

Mama yako mkosaji,
Kija