Mama Ananiita Dada

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nyumbani nikisema nitalia, na nikilia mama ataogopa. Mimi ni fundi wa mitandao hospitalini, nahudumia swichi, yale masanduku yanayopokea kila ujumbe na kuupitisha kwenye mlango wake, na juzi programu ya swichi moja ilijizima ikawaka upya, na ikiwaka hivyo haikumbuki kitu, lakini kanuni za njia za zamani, zinazosema ujumbe upi upite wapi, bado zimo kwenye chuma, yaani ndani ya sanduku lenyewe, zinafanya kazi, kwa hiyo sisi huziacha zipitishe ujumbe huku programu ikijifunza njia upya, kisha tunalinganisha na kuondoa zile tu zilizopitwa na wakati, ila mimi kwa haraka zangu nikafuta zote nianze upya, simu za wodini zikakatika, wauguzi wakawa wanakimbizana koridoni, na bosi akanitazama tu akasema, "Wewe binti, unabomoa daraja watu wako juu yake."

Neno hilo limenikaa, kwa sababu mama alifanyiwa upasuaji wa kichwa, amerudi nyumbani, anakula, anatembea, lakini mimi ananiita dada, yaani dada yake mkubwa aliyemlea, ambaye ni marehemu, na kila akiniita namwambia mama, mimi mwanao, dada alishafariki, nikidhani ndivyo atakavyojifunza, naye analia msiba upya, na sasa hata kuniita ameacha, akitaka maji anagonga kikombe mezani. Nifanye nini mama yangu anijue?

Binti wa Swichi

Marahaba, Binti wa Swichi. Mimi swichi ninayoijua ni ya taa, na hiyo nayo hunishinda, lakini jibu umeliandika mwenyewe.

Pole sana, mwanangu. Kuuguza mama asiyekujua kunauma, na kuumia si dhambi. Ila nikukemee kidogo. Unamzika dada yake upya kila akiomba maji, halafu unashangaa amenyamaza? Hata mimi ningegonga kikombe.

Mama hakupotea alipoita dada. Alikuwa anamwita mtu anayemlisha, anayemfunika shuka, anayekuja akiitwa. Sasa hivi huyo ni nani kama si wewe? Jina limepitwa na wakati, lakini njia ilikuwa inafika. Ukaifuta kabla nyingine haijafunguka.

Basi acha kusahihisha. Akisimulia ya dada yake, sikiliza, cheka naye. Neno "mwanao" litie polepole, ukimsuka au ukimpaka mafuta, bila kumtahini. Daktari mweleze habari ya ukimya huo mapema, usikae nayo. Na ndugu zako wakupokee zamu, maana hujaumbwa kwa chuma. Huenda jina lako litarudi. Huenda lisirudi, na hilo nakwambia kwa uchungu.

Leo akigonga kikombe, usingoje akuite. Mpelekee maji, kaa karibu yake, umwambie, "Nipo, mdogo wangu."