Ndovu Wamepata Njia, Baba Njeri, na Wewe Hujarudi

Baba Njeri wangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa tunaishia kwa ndovu. Nikikuuliza umeamkaje, unaniambia nyayo zimeonekana kando ya mto. Nikikwambia hapa Uthiru mvua imeingia mpaka sebuleni, unasema hata huko imenyesha, imeosha pilipili yote kwenye uzio. Basi leo hutanikatiza. Nitasema mpaka nimalize, halafu unijibu jambo moja tu: unarudi nyumbani ama hurudi?

Unakumbuka yalivyoanza. Mama yako alikuwa peke yake kule Laikipia na mahindi yake, na kila yakikaribia kukomaa ndovu wanaingia wanayamaliza. Jirani mmoja akamshauri atege sumu. Ulikataa katakata. Halafu ukasikia kwa watu kwamba ndovu hawaiwezi harufu ya pilipili iliyosagwa ikachanganywa na oili chafu ya gari, na jioni hiyo uliingia nyumbani ukitabasamu peke yako. Oili ulikuwa nayo pale gereji. Vitambaa nilikuwa navyo mimi, maana kule Westlands ninakoshonea watu wa ofisi mabaki hayaishi.

"Mama Njeri, usitupe tena hizo vipande," ulisema. "Hizo sasa ni askari."

Jumapili baada ya kanisa tulikaa uani tukichovya askari wako kwenye ndoo. Kulikuwa na vipande vya suti za mawakili, na satini iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja wa Loresho aliyenisumbua mpaka nikakonda. Pilipili ikaniingia jichoni. Ukanishika kichwa na zile glavu zako zilizojaa pilipili ukanipuliza, na jicho la pili nalo likaanza kuwaka. Nililia huku nacheka, wapangaji wenzetu wakachungulia wakidhani umenipiga. Sikuwahi kukwambia, lakini katika ndoa yetu sijaona Jumapili tamu kama ile.

Na uzio ulifanya kazi. Kamba ya katani, vitambaa vyetu vimening'inia kuzunguka shamba lote, na msimu ule mama alivuna. Msimu uliofuata kina mama wa kanisa wakatuma ujumbe kwamba watakuja kumwombea nyumbani. Mama yako akaangalia boma lake, akaona matambara meusi yananuka pande zote, akashikwa na aibu. Akayafungua yote. Akayafua kwa sabuni ya kipande, akayaanika, akayarudisha kwenye kamba yakiwa safi kabisa. Wageni walisali, wakasifu usafi wa boma, wakaenda. Kufikia alfajiri hakukuwa na mahindi.

Nilipompigia kumpa pole alinijibu bila kutetereka. "Sasa mwanangu, wageni wa Mungu wakute matambara imezunguka boma, waseme huyu mama hana sabuni?"

Wewe hukuweza hata kumkasirikia. "Utakasirikia aje mtu ambaye amefua?" ulisema, ukaanza kupanga nguo zako kwenye begi. Uliniambia unaenda kumlindia shamba mpaka avune, basi. Njeri alikuwa bado sekondari. Leo yuko chuo kule Eldoret, anarudi likizo kwa likizo, na nyumba hii nimebaki nayo mwenyewe.

Upweke ni kitu cha kijinga, Baba Njeri. Napika ugali kidogo mpaka mwiko unagonga sufuria pande zote. Redio naiacha iongee hata nikiwa sisikii. Kanisani wakiniuliza mzee yuko wapi nawaambia ameoa ndovu, wanacheka, nami nacheka nao. Nikifika nyumbani kicheko kimeisha.

Sikudharau kazi yako, na usije ukafikiri hivyo. Ni wewe uliyewakalisha majirani chini ukawauliza kwa nini ndovu hupitia hapo hapo kila mwaka. Wazee wakakumbuka kwamba hiyo ilikuwa njia yao ya kwenda majini hata kabla mashamba hayajakatwa. Ukawaomba kila mwenye shamba kwenye mstari huo aache ukanda usilimwe. Walikukatalia, wakakuita mtu wa Nairobi, mpaka mama yako akasimama akatoa wa kwake kwanza, sehemu yenye udongo mzuri kuliko zote. Nilijivuna wiki nzima. Niliwasimulia hata wateja waliokuja kupunguzwa suruali.

Tangu hapo ndovu wanapita zao na mahindi yanabaki yamesimama. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitoa godoro nje likapigwa jua, nikaosha mapazia, nikaweka shati lako la bluu kwenye hanga. Pale gereji kijana uliyemfundisha kazi akaniuliza, "Mathe, fundi anarudi lini?" Nikamwambia mwezi huu. Nilipokuuliza wewe, ukasema, "Wacha kwanza nione hii mvua itaendaje." Mvua ikaisha. Ukasema wacha tuvune. Mmevuna.

Majuzi ulipokuwa mtoni nilizungumza na mama. Nikamwuliza kama wewe ni mgonjwa na mnanificha. "Si mgonjwa," akasema. "Kila jioni anapanda kwa dungu la kulindia mahindi anawaangalia ndovu wakipita. Chai inapoa. Sijawahi kumwona ametulia hivyo, tangu akiwa mtoto."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani na simu mkononi. Niliona wivu, nikajionea aibu, maana nani huonea ndovu wivu? Hata ungekuwa na mwanamke huko ningejua pa kuanzia. Ningepanda gari nije tugombane.

Lakini pia nilikuwazia ukiwa huko juu umetulia, na nikajiuliza kama hapa kwetu niliwahi kukuona hivyo. Ulikuwa unarudi umechoka, unakula, unalala. Sikulaumu. Nataka tu uniambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, nisiendelee kuokoteza kwa mama yako. Ukisema unarudi, nitafurahi kama mtoto. Ukisema huko ndiko moyo wako uliko, cherehani inabebeka, na hata Laikipia watoto wanavaa yunifomu. Nitakuja nikae nawe huko juu, nione unachokiona. Ila lazima uniite. Sitakuja kama mgeni kwa mume wangu.

Miaka hii yote nimekungoja bila kuona uchungu, kwa sababu nilijua kilichokuzuia. Sasa hakuna kinachokuzuia, na ndiyo mara ya kwanza nimeogopa.

Msalimie mama.

Ni mimi mkeo,
Mama Njeri