Asali Isiyofunguliwa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Insha thelathini na nane za Kidato cha Tatu. Swali nilitunga mwenyewe: wapendanao wawili wa ile tamthilia ya zamani wanaonyeshaje mapenzi kwa njia tofauti? Kalunde, yule mkimya wa karibu na dirisha, ameandika: "Mvulana anasifu uso. Msichana anauliza harusi ni siku gani."

Nikampa kumi na nane kwa ishirini, kisha nikakaa nimeduwaa. Leo nimemtumia mpenzi wangu Nalangu meseji tisa. Amejibu moja: Umekula?

Jumatano, 11 Juni

Balaa! Nalangu amefunga duka lake la dawa za mifugo mchana, akaja hadi geti la shule hapa Noonkopir. Hajawahi. Allan, mwenye ng'ombe kule Illasit, amempelekea baba yake Nalangu asali ya posa. Wazee wanakaa Jumamosi, kwao Mashuuru. Wakiipokea — kwisha, ni mke wa mtu.

Mama yake Nalangu amemwomba mumewe, Mzee Katoo, naye amekubali: nikifika na yangu kabla ya saa nne, zitawekwa pamoja, Mzee achague.

"Leta asali, Mwalimu. Usiifungue."

Basi. Akarudi dukani. Nikabaki nauambia mgongo wake kwamba sitaishi bila yeye. Sijui kama alisikia.

Ijumaa, 13 Juni

Asali nimepata kwa Nzau, mrina asali. Kibuyu kizuri, mdomo umezibwa kwa nta. Jioni yote nimeandika hotuba ya kumsomea Mzee. Kurasa nne. Nafuta, naandika.

Halafu wazo — kama Nzau amechanganya na sukari? Nikaaibike mbele ya wazee? Kwetu mama hakuwahi kununua asali bila kuchovya njiti ya kiberiti. Ikiwaka, ni safi. Nikabandua nta kidogo tu. Njiti ikawaka! Nikaziba tena kwa kidole. Nani ataona?

Jumamosi, 14 Juni

Saa tano. Niko nje ya boma, nimekalia jerikeni. Nimeharibu. Mimi, kwa mkono wangu!

Mzee Katoo aligeuza kibuyu mara moja tu, akaona alama ya kucha.

"Nani amefungua hii?"

Nikatoa kurasa zangu. Nilifika mstari wa pili. Akainua fimbo: asali ya posa haiguswi njiani, na mtu asiyeweza kungoja asali hawezi kupewa binti. Nje.

Mlango umeachwa wazi, kwa hivyo nimeona yote. Nalangu ameingia na birika la chai. Ameliweka chini. Amechukua kibuyu cha Allan, akang'oa nta, akatia kidole, akalamba. Kisha changu. Sasa vyote viwili vimefunguliwa.

Mama yake amepiga kelele: "Nalangu!" Allan amesimama. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Ametoka. Begi begani. Bodaboda inanguruma hapo barabarani, sikuiita mimi. Mzee anamwita ndani, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mwalimu, unaandika nini?"

Nimemwambia: nakuandika wewe.

Amenyoosha mkono. Kwa ule mwingine ananionyesha bodaboda. Mzee amefika mlangoni na fimbo. Nalangu bado anangoja. Nimalize tu sentensi hii, nimwambie jinsi